Pikipiki ya Mkononi: Unanunua Kilomita Ngapi?

Muuzaji wa pikipiki ya mkononi hutaja namba mbili kabla hujamuuliza: bei, na kilomita zilizoandikwa kwenye geji. Bei inapunguzika. Kilomita ndizo zinazouza pikipiki, na ndizo zisizo na shahidi. Kwenye Boxer na pikipiki nyingi za rika lake, geji inaendeshwa na waya unaozungushwa na gurudumu la mbele. Waya huo ukichomolewa, chombo kinaendelea na safari na hesabu inalala. Si lazima pawe na ujanja. Mara nyingi waya ulikatika tu, mwenye pikipiki akaona kuwa spea ile haimletei abiria, akaiacha hivyo mwaka mzima. Kwa mnunuzi yote ni mamoja.

Kwa hiyo anza na kalamu kabla ya kupiga kiki. Bodaboda inayofanya kazi sawasawa mjini tuipe kilomita 100 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Hizo ni 600 kwa wiki, 31,200 kwa mwaka. Pikipiki iliyokaa kijiweni miaka miwili na robo itakuwa imepita 70,000. Ukiikuta geji yake inasoma 22,000, basi ama ilikuwa ya mtu wa kwenda kazini na kurudi nyumbani, ama geji ililala njiani.

Umri wa chombo unajulikana bila kumuuliza mwenye chombo. Namba ya chasisi iliyochapwa kwenye shingo ya fremu ina herufi na tarakimu 17. Ikianza na MD2 imetoka kwa Bajaj wa India, MD6 ni TVS, na za China huanza na L. Nafasi ya 10 kwa kawaida hubeba mwaka wa toleo: K ni 2019, L ni 2020, M ni 2021, N ni 2022, P ni 2023, R ni 2024. Herufi O haimo kwenye mpangilio huo, kwa sababu inafanana na sifuri. Linganisha mwaka huo na tarehe ya usajili kwenye kadi, kisha inama uangalie tairi. Ubavuni mwake pana tarakimu 4 za kiwandani. 2321 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2021. Pikipiki yenye geji ya kilomita 9,000 na tairi la nyuma lililotengenezwa miaka miwili baada ya pikipiki yenyewe ina maelezo ya kutoa.

Kwa nini kilomita 22,000 na 70,000 zitofautiane sana, wakati pikipiki zote mbili zinawaka na kutembea? Chukua Boxer BM 150, inayoonekana karibu kila kijiwe. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 56, na pistoni husafiri milimita 58.8 kwenda juu na nyingine 58.8 kurudi chini kwa kila mzunguko wa injini. Katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, tuseme injini inazunguka mara 4,000 kwa dakika. Kilomita moja huchukua dakika 1.2, yaani mizunguko 4,800. Zidisha: kila pikipiki inapokata kilomita moja ya barabara, pistoni imejisugua silindani zaidi ya mita 560. Barabara ikifika kilomita 70,000, pistoni imesafiri karibu 39,500. Mzunguko wa dunia kwenye ikweta ni kilomita 40,075. Safari yote hiyo inafanyika ndani ya bomba fupi la chuma, ikilindwa na oili ya takriban lita moja, na oili hiyohiyo ndiyo inayolainisha klachi na giaboksi. Gari dogo hubeba oili mara tatu au nne ya hiyo, na giaboksi yake ina oili yake peke yake. Ndiyo maana kuchelewesha oili kwenye pikipiki kunaumiza haraka kuliko kwenye gari.

Sasa tuingize shilingi. Bei hubadilika kwa mji na kwa msimu, kwa hiyo nachukua tarakimu za mviringo. Wewe weka za kwenu. Mpya iwe 3,000,000, na hii ya mkononi 1,600,000. Tukubaliane kwamba injini iliyotunzwa hufika kilomita 80,000 kabla ya kufunguliwa, ovaholi inagharimu 350,000, na baada yake unapata kilomita 40,000 nyingine. Pikipiki mpya, pamoja na ovaholi yake moja, ni 3,350,000 kwa kilomita 120,000: shilingi 28 kwa kilomita.

Ya mkononi, kama geji inasema kweli, imebakiza 98,000. Weka bei yake na ovaholi, 1,950,000, gawanya: shilingi 20 kwa kilomita. Hapo umepata mali. Lakini kama imeshatembea 70,000, imebakiza 10,000 kabla ya ovaholi na 40,000 baada yake. Gawanya 1,950,000 kwa 50,000 upate shilingi 39. Umelipa zaidi kidogo ya nusu ya bei ya mpya, na kila kilomita unailipia ghali kuliko aliyenunua mpya dukani, tena yeye ana waranti.

Hesabu hiyo ina faida nyingine: inakupa bei ya kutaja. Kilomita 50,000 kwa shilingi 28 ni 1,400,000. Toa ovaholi ya 350,000, unabaki na 1,050,000. Hiyo ndiyo thamani ya pikipiki ile kwa tarakimu zetu, na tofauti ya 550,000 na bei ya muuzaji imetokana na waya wa geji peke yake.

Geji ikishakosa imani, soma chuma. Mipira ya kukanyagia, mshikio na kava ya kiti usivitazame sana. Ni vitu vya bei ndogo na hubadilishwa usiku wa kuamkia mauzo. Tazama pedeli ya gia ilivyolika, na tundu la ufunguo lilivyopanuka. Ukiruhusiwa kufungua gurudumu la nyuma, pitisha kidole ndani ya ngoma ya breki. Ukikuta kingo iliyosimama kama ukingo wa sahani, breki zimefungwa na kufunguliwa miaka. Kisha cheni. Pikipiki nyingi za cc 125 na 150 hapa kwetu hutumia cheni namba 428, na pini moja hadi nyingine ni milimita 12.7. Vuta cheni ikaze, pima mapengo 20: ikiwa mpya ni milimita 254. Ikifika 259 imekwisha, nayo huwa imeondoka na meno ya sproketi zote mbili, kwa hiyo andika seti nzima kwenye karatasi yako ya makato.

Injini ndiyo inayostahili muda wako. Mwambie muuzaji mapema kwamba utaikuta ikiwa baridi, na ukifika weka kiganja karibu na silinda kabla ya salamu kwisha. Ikiwa ya moto, mtu ameiwasha kukuondolea usumbufu, na usumbufu huo ndio uliokuja kuuona. Rudi baadaye, au subiri kivulini ipoe. Pikipiki nzima ikiwa baridi huwaka kwa kiki moja au mbili, choki ikihusika kidogo. Sasa simama nyuma ya ekzosi. Moshi mweupe wa asubuhi unaopotea baada ya dakika chache ni mvuke tu. Mweusi ni petroli nyingi, kazi ya kabureta na chujio la hewa, bei nafuu. Wa bluu ni oili inayoungua. Ukitoka mara moja unapowasha halafu ukakata, washuku sili za valvu. Ukiongezeka kila unapovuta mafuta barabarani, ni ringi na silinda. Makato ya aina hizi mbili hayalingani hata kidogo.

Fundi mwenye kipimo cha kompresheni akupe namba. Kipimo huingizwa kwenye tundu la plagi, kabureta ikafunguliwa yote, kiki ikapigwa mpaka mshale usimame. Kwa injini za namna hii, psi 120 na kuendelea inatia moyo, na chini ya 100 ni ovaholi iliyoahirishwa. Ikisoma chini, mwaga kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Namba ikipanda, ringi na silinda ndizo zilizochoka, kwa sababu oili imeziba upenyo wake. Isipopanda, tatizo huenda liko kwenye valvu. Ni jaribio la dakika tano, na nashangaa jinsi wanunuzi wachache wanavyolidai.

Kama muuzaji anasema injini "imeshafunguliwa, iko kama mpya", uliza imechongwa mara ngapi. Silinda ikichongwa, pistoni ya kuongezwa huja kwa hatua za robo milimita: 0.25, 0.50, 0.75, kisha 1.00, na namba hiyo huchapwa kichwani mwa pistoni na kuandikwa kwenye boksi lake. Baada ya 1.00, kwa kawaida hakuna tena pa kuchonga; ni bloku mpya. Kwenye Boxer kuna kichekesho hapa. Ukipiga hesabu ya silinda yake ya kiwandani unapata cc 144.8. Ukiichonga mpaka 1.00, kipenyo kinakuwa milimita 57 na ujazo unafika cc 150. Yaani inalifikia jina lake siku inapoishiwa chuma cha kuchonga.

Jihadhari pia na oili nzito. Injini inayogonga hutulizwa kwa oili nzito siku ya mauzo, sauti ikawa tamu kwa wiki moja. Chomoa kijiti au fungua kifuniko, shika tone kati ya vidole. Oili ya 20W-50 ikiwa ya moto ni nyepesi. Ikivutika kama asali, uliza sababu.

Halafu kuna gharama ambayo haiandikwi popote kwenye mauzo: petroli. Pikipiki yenye afya tuipe kilomita 45 kwa lita, iliyochoka tuipe 35. Kwa kilomita 30,000 za mwaka, ya kwanza inakunywa lita 667, ya pili 857. Tofauti ni lita 190. Hapa Tanzania, EWURA hutangaza bei kikomo ya mafuta kila mwezi. Tukiweka lita kuwa shilingi 3,000, hizo ni 570,000 kwa mwaka, zaidi ya ile ovaholi ya 350,000. Mwenye bodaboda anayesema "nitaivumilia mpaka ife yenyewe" analipa ovaholi pampu moja baada ya nyingine, na mwisho wa mwaka injini bado ni mbovu.

Fremu nayo, kwa kifupi. Mishikaki ya abiria watatu, magunia ya mkaa na kreti za soda huacha alama zake pale shokapu za nyuma zinapoungana na fremu, na chini ya keria. Tafuta welding iliyopakwa rangi mpya. Inua gurudumu la mbele, geuza usukani taratibu: ukihisi unakwama katikati kama kwenye notchi, beringi za shingo zimeliwa. Mwambie mtu aiendeshe polepole akikupa mgongo. Magurudumu mawili yasipopita mstari mmoja, imewahi kupiga kitu.

Aliyeiendesha ana uzito kuliko aliyeandikwa jina kwenye kadi. Pikipiki ya mkataba, ambayo dereva analipa kwa wiki mpaka iwe yake, hutunzwa zaidi kadiri mkataba unavyokaribia kwisha, maana dereva anajua anajitunzia. Pikipiki ya hesabu iliyopita mikononi mwa deiwaka watatu haina mtu wa kuihurumia: bosi anataka hesabu yake jioni, deiwaka anataka kilichozidi, na siku ya oili haina mwenyewe. Mahali pia pana neno. Kilomita 30,000 za Lushoto, za kupanda na kushuka na mzigo, zimekula klachi na breki kuliko 30,000 za tambarare ya Dar es Salaam; pikipiki ya Dar nayo chunguza kutu chini ya tangi na kwenye spoku, kwa ajili ya hewa ya chumvi.

Makato yote yakishaandikwa, zamu ya karatasi. Namba ya chasisi na ya injini zisomwe kwenye chuma zilinganishwe na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Injini iliyobadilishwa bila kadi kurekebishwa itakusumbua wewe, si aliyeibadilisha. Kama kadi "iko kwa kampuni", pikipiki ina deni, na fedha yako ya kwanza ilimalize deni hilo mbele yako. Angalia mtandaoni faini za trafiki kwa namba ya usajili kabla ya kutoa hela: kwa bajeti ya 2021/22 faini ya kosa moja la pikipiki ilishushwa kutoka 30,000 hadi 10,000, lakini makosa kumi na mbili ni 120,000, na yatasomeka kwenye namba ya MC uliyoinunua. Yaingize kwenye makato pamoja na gharama ya kuhamisha umiliki TRA, na uhamisho wenyewe ufanyike muuzaji akiwepo, kabla namba yake ya simu haijaacha kupatikana.