Supu, Mizizi na Sindano: Tiba ya Kichina Tuipokeeje

Mswahili anayekuja Guangzhou kwa biashara au masomo hukutana na tiba ya Kichina kabla hata hajaugua. Katika mitaa ya Xiaobei, wanakofikia wafanyabiashara wengi wa Kiafrika, na katika mji mzima kwa jumla, kuna vibanda vya liangcha, chai nyeusi chungu ya mitishamba ambayo watu huinywa siku za joto. Ukikohoa, jirani atakuuliza umekula nini. Ukilalamikia mgongo, utaelekezwa kwa mtaalamu wa sindano. Haupiti muda mrefu ndugu wa nyumbani nao wanaanza kuuliza: hizo dawa za Wachina zinafanya kazi kweli?

Swali hilo halijibiki kwa ndiyo au hapana. Katika tiba hii imetoka dawa iliyookoa mamilioni ya watu, wengi wao watoto wa Afrika. Katika tiba hiyohiyo kuna mimea iliyoharibu figo za watu wazima na afya zao. Anayeisifu yote anakosea, na anayeitupa yote anakosea vilevile. Kila kilichomo kinapaswa kupimwa peke yake.

Ilikotoka

Kitabu chake cha msingi, Huangdi Neijing, kilikusanywa takribani miaka 2,000 iliyopita. Humo mwili unaelezwa kwa mizani ya yin na yang, yaani baridi na joto, utulivu na mwendo, pamoja na nguvu iitwayo qi inayopita katika njia zake mwilini. Mizani ikiinama au njia ikiziba, mtu anaugua. Katika karne ya 16 tabibu Li Shizhen alitumia miaka 27 kuandika Bencao Gangmu. Kitabu hicho kilichapishwa mwaka 1596, miaka mitatu baada ya kifo chake, kikiwa na maelezo ya dawa 1,892 za mimea, madini na wanyama.

Wengi hudhani tiba hii imeshuka kutoka kale bila kuguswa, lakini historia yake imejaa misukosuko. Mwaka 1822 mfalme Daoguang aliiondoa tiba ya sindano katika taasisi ya matabibu wa ikulu. Mwaka 1929 serikali ya chama cha Kuomintang ilitaka kuifuta tiba nzima ya jadi, matabibu wakakusanyika Shanghai kupinga mpaka mpango ukakwama. Baada ya kushika nchi mwaka 1949, serikali ya Mao ilikuwa na umma mkubwa wa kutibu na madaktari wachache mno, hivyo ikawarudisha matabibu wa jadi kazini. Mwaka 1956 vilifunguliwa vyuo vinne, Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu, na mafundisho yaliyokuwa yakitofautiana toka kwa mwalimu mmoja hadi mwingine yakaanza kuwekwa katika mtaala. Ndiyo maana leo hospitali ya tiba ya jadi ina mashine ya eksirei na maabara ya damu, na daktari huyohuyo anaandika mitishamba ya kuchemsha.

Chakula kwanza

Sun Simiao, tabibu aliyefariki mwaka 682, alifundisha kwamba mgonjwa atibiwe kwa chakula kwanza, na dawa zifuate pale chakula kinaposhindwa. Mwaka 1330 Hu Sihui, mtaalamu wa chakula katika ikulu ya Wamongolia waliotawala China, alikamilisha Yinshan Zhengyao, kitabu cha mapishi ya afya chenye vyakula vingi vya nchi za Kiislamu. Guangdong, jimbo la mji huu wa Guangzhou, ndiko elimu hii inakoishi zaidi. Supu hupikwa kwa moto mdogo saa nyingi, na mama mwenye nyumba huchagua viungo kwa kuangalia majira na hali ya mlaji.

Kila chakula kina tabia yake, kuanzia joto hadi baridi. Tangawizi na mdalasini ni vya joto, tikiti maji na matango ni vya baridi. Mtu wa Lamu, Mombasa au Unguja hashangai akisikia haya, maana tiba ya Kiyunani iliyotufikia kupitia kwa Waarabu nayo imetufundisha kuwa kuna vyakula vya joto na vya baridi. Elimu hizi mbili zilizaliwa mbalimbali, lakini zinakaribiana sana kwa mama aliyejifungua. Guangzhou mzazi hukaa ndani mwezi mzima, huzuiwa vitu vya baridi na kulishwa vyakula vya tangawizi. Kwetu ana arobaini yake, supu ya pilipili manga, na kukandwa kwa maji ya moto.

Bahari pia imetuunganisha. Ubani na manemane vya Pembe ya Afrika na Uarabuni vimo katika dawa za Kichina za maumivu kwa karne nyingi. Karafuu hutumiwa kwa kwikwi na tumbo lililoingia baridi. Jongoo bahari wa pwani yetu, ambaye sisi wenyewe hatumli, huku huliwa kama chakula cha kujenga mwili.

Katika sehemu zote tatu za tiba hii, yaani chakula, mitishamba na sindano, hii ya chakula ndiyo ninayoipendekeza bila wasiwasi mkubwa. Supu ya kuku yenye tangawizi na kunazi za Kichina, au uji laini wa mchele kwa anayetoka kuugua, ni chakula chepesi na chenye maji mengi kwa mgonjwa, na huhitaji kuamini qi ili kikufae. Mwislamu aulize kwanza, kwa kuwa supu nyingi za Guangdong hutengenezwa kwa mifupa ya nguruwe. Mwenye kisukari naye asome lebo ya liangcha ya kopo, maana mara nyingi hutiwa sukari.

Mitishamba: dawa na sumu

Katika karne ya 4 tabibu Ge Hong aliandika kwamba mwenye homa za vipindi achukue konzi ya mmea wa qinghao, ambao sisi tunaujua kama artemisia, auloweke katika maji, aukamue na kunywa maji yake. Mwaka 1967, wakati wa vita vya Vietnam, China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria. Mtafiti Tu Youyou alipousoma ushauri huo alizingatia jambo moja: Ge Hong hakuuchemsha mmea. Basi naye akaacha kutumia moto mkali, akatumia etha inayochemka kwa nyuzi 35 tu. Oktoba 1971 kimiminika chake kiliua vijidudu vyote vya malaria katika panya wa maabara, na yeye na wenzake wakakinywa wenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Mtanzania anaipata dawa hiyo ndani ya dawa mseto, iliyoanza kutumika Tanzania Bara mwaka 2006 malaria ilipokuwa sugu kwa SP, dawa iliyotumika kabla yake. Profesa Li Guoqiao wa chuo cha tiba ya Kichina cha hapa Guangzhou, mmoja wa waliozijaribu dawa hizi kwa wagonjwa tangu miaka ya 1970, aliongoza kazi ya kupambana na malaria visiwani Komoro kuanzia Mwali mwaka 2007.

Hapa wengi huteleza na kusema, basi tunywe chai ya artemisia. Shirika la Afya Duniani linatuonya tusifanye hivyo kwa malaria, kwa sababu kiasi cha dawa katika majani hakitabiriki na dozi pungufu huvifundisha vijidudu usugu. Kitabu cha Ge Hong kilionyesha njia tu. Maabara na wagonjwa ndio waliotoa uthibitisho.

Kuna pia upande wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake zaidi ya 100 jijini Brussels waliharibika figo baada ya kutumia vidonge vya kupunguza unene, ambamo mmea mmoja wa Kichina ulibadilishwa na mwingine wa jamii ya Aristolochia. Baadhi yao walipata saratani ya njia ya mkojo baadaye. Mzizi wa danggui, unaopendwa na kina mama, unaweza kusababisha kutokwa damu kwa anayetumia warfarin. Gancao, mzizi mtamu uliomo katika michanganyiko mingi, hupandisha presha ukizidi.

Madhara mengine huwafika watu wasioinywa dawa yenyewe. Ejiao hutengenezwa kwa ngozi ya punda na kuuzwa kama dawa ya kuongeza damu. Kwa ajili yake punda wa Kenya na Tanzania waliibwa na kuchinjwa kwa wingi, na kina mama wa vijijini wakarudi kubeba maji kichwani. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha biashara ya ngozi za punda. Nawasihi wenzangu tusinunue ejiao.

Sindano

Ulimwengu wa Magharibi ulianza kuzungumzia sindano kwa wingi mwaka 1971, pale mwandishi James Reston wa New York Times alipopasuliwa kidole tumbo Beijing. Upasuaji ulifanywa kwa dawa za kawaida za ganzi. Sindano zilikuja usiku wa siku iliyofuata, tumbo lilipojaa gesi, naye akaandika kwamba alipata nafuu.

Utafiti mkubwa wa Ujerumani uliotolewa mwaka 2007 uliwafuata wagonjwa 1,162 wa maumivu sugu ya mgongo. Waliopata nafuu walikuwa asilimia 47.6 ya waliochomwa katika sehemu za jadi, asilimia 44.2 ya waliochomwa juujuu mahali pasipohusika, na asilimia 27.4 ya waliopewa matibabu ya kawaida. Maana yake sindano zilisaidia, lakini ramani ya njia za qi haikuonekana kuwa ndiyo sababu. Marekani, bima ya wazee ya Medicare inalipia sindano kwa maumivu sugu ya mgongo tangu 2020. Kwa kisukari, saratani au VVU, sindano haziwezi kushika nafasi ya dawa.

Ukienda, hakikisha mtaalamu ana leseni na sindano zinafunguliwa mbele yako zikiwa mpya. Mjamzito aseme mapema. Daktari wako aambiwe kila unachokunywa, pamoja na chai. Usiache dozi ya hospitali kwa ahadi ya mtu yeyote.

Sisi nasi tuna muarobaini wetu, na Muhimbili ina Taasisi ya Tiba Asilia. China ilifungua vyuo, ikaandika, ikapima, na kutokana na kazi hiyo tukapata dawa ya malaria. Elimu ya bibi zetu inastahili fedha na maabara za namna hiyo, ili kilicho dawa kijulikane, na chenye madhara nacho kitangazwe waziwazi.