Safari ya kwanza ng'ambo: Hofu humponza msafiri kuliko ugeni

KUNA watu wenye pasipoti mpya, nauli mkononi na sababu nzuri ya kusafiri, lakini safari yao haijawahi kuanza. Mfanyabiashara wa Kariakoo anaendelea kuagiza nguo kutoka China kupitia mtu wa kati, ingawa anajua kwamba akienda mwenyewe angeiona mali kabla ya kuilipia. Kijana aliyepata nafasi ya masomo anaiacha ipite kwa kuwa hana mwenzake wa kufuatana naye. Mwanamke aliyealikwa na dada yake Muscat anaahirisha mwaka hadi mwaka. Wakiulizwa sababu, hutaja gharama. Wakizidi kuulizwa, baadhi yao hukiri kwamba wanachoogopa ni kusimama peke yao mbele ya ofisa uhamiaji wa nchi ya watu.

Hofu hiyo si ya leo wala si dalili ya udhaifu. Ibn Battuta, msafiri maarufu aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliondoka kwao Tangier, Moroko, mwaka 1325 akiwa na umri wa miaka 21, bila mwenzi. Katika kumbukumbu za safari zake anasimulia kwamba alipoingia Tunis, wenyeji waliwapokea na kuwasalimu wasafiri wengine, lakini yeye hakuna aliyemjua wala kumsalimu. Alilia hadharani, mpaka hujaji mmoja alipomwona akamfariji. Huyo ndiye mtu ambaye baadaye alizunguka dunia kwa karibu miaka 30.

Kwa hiyo swali si namna ya kuwa mtu asiyeogopa. Jambo la kuangaliwa zaidi ni kile ambacho hofu humfanya msafiri akifanye. Mtu mwenye hofu hutafuta wa kumshika mkono, na mara nyingi humkubali wa kwanza anayejitokeza. Humpa wakala pasipoti, fedha na uamuzi wote wa safari. Hajui viza yake ni ya aina gani, hajui atafikia wapi, na tiketi yake ameiona siku ya kuondoka. Hapo ndipo hatari ya kweli inapoanzia, kwa sababu mtu asiyejua safari yake hawezi kutambua inapoharibika.

Mfano ulio mchungu zaidi ni wa dawa za kulevya. Mwaka 2013, padri anayehudumia wafungwa Hong Kong, John Wotherspoon, alianza kusambaza barua za wafungwa Waafrika, wakiwamo Watanzania, waliokuwa wakiwaonya ndugu zao wasikubali kubebeshwa mizigo hiyo. Wapo wanaobeba wakijua, na wapo wanaoombwa tu msaada wa begi dogo na mtu aliyewasaidia kupata viza. Sheria ya China haina huruma katika hilo: heroini ya gramu 50 au zaidi inaweza kumletea mtu kifungo cha miaka 15, cha maisha, au adhabu ya kifo. Msafiri mgeni ni rahisi kuombwa, kwa kuwa anaona vibaya kumkatalia mtu anayemtegemea.

Ujasiri hutoka wapi

Mwaka 1977, mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alichapisha maelezo yake kuhusu namna mtu anavyopata imani kwamba jambo fulani analiweza. Alitaja vyanzo kadhaa: kumwona mtu wa hali yako akifanikiwa, kutiwa moyo kwa maneno, na jinsi mtu anavyoitafsiri hali ya mwili wake, kama vile mapigo ya moyo. Lakini chanzo chenye nguvu kuliko vyote, kwa maelezo yake, ni kufanya jambo lenyewe kwa mikono yako na kufaulu, hata kama ni sehemu ndogo yake.

Maana yake kwa msafiri ni nyepesi kuielewa. Maneno ya kutia moyo peke yake hayatoshi. Anayetaka kwenda Guangzhou na hajawahi kuvuka mpaka wowote anajitwisha mitihani yote kwa siku moja: uwanja wa ndege, lugha, fedha, chakula, uhamiaji na upweke. Akiigawa, kila sehemu inakuwa ndogo.

Mtanzania ana bahati ambayo haitumii ipasavyo, nayo ni kuwa na nchi ya nje inayozungumza lugha yake. Mombasa inafikika kwa basi kupitia Tanga na mpaka wa Horohoro. Nairobi kupitia Arusha na Namanga. Raia wa Tanzania hahitaji viza kuingia Kenya, ila anahitaji hati ya kusafiria. Hapa wengi huteleza. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wavuke kwa vitambulisho vya taifa kuanzia mwaka 2014, lakini Tanzania haikuingia katika utaratibu huo. Asiye na pasipoti anaweza kuomba Uhamiaji hati ya dharura kwa safari za Afrika Mashariki. Aidha, kadi ya chanjo ya homa ya manjano huulizwa mara nyingi mipakani. Chanjo hiyo huhesabiwa kuwa halali siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kwenda kuchanja siku moja kabla ya safari hakusaidii. Tangu Julai 2016, chini ya kanuni za afya za kimataifa, cheti chake hudumu maisha yote.

Namanga yenyewe ni shule nzuri. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa rasmi Desemba 2018, anayekwenda Kenya hasimami tena katika nchi mbili. Basi humpeleka moja kwa moja upande wa Kenya, na humo, ndani ya jengo moja, ofisa wa Tanzania humgongea muhuri wa kutoka na wa Kenya humgongea wa kuingia. Msafiri huulizwa anakwenda wapi, kufanya nini na kwa siku ngapi. Anajibu kwa Kiswahili, anachukua pasipoti yake na kurudi kwenye basi. Ni dakika chache, lakini amekwisha kufanya kile alichokuwa akikiogopa. Maswali ya Dubai au Guangzhou ni yale yale. Lugha ndiyo inayobadilika.

Siku mbili tatu Mombasa zinatosha kumfundisha mengine: kubadilisha fedha na kuhesabu kwa thamani ngeni, kutafuta malazi bila mwenyeji, kula peke yake hotelini bila kujiona anatazamwa, kupotea njia na kuuliza. Makosa ya kwanza ni heri yafanyike mahali ambapo kuomba msaada hakuhitaji mkalimani.

Saa ya tiketi na saa ya nyumbani

Katika safari ya ndege, kosa moja linawahusu hasa wazungumzaji wa Kiswahili. Tiketi huandikwa kwa saa 24, zinazoanza kuhesabiwa usiku wa manane. Ndege ya 07:00 huondoka saa moja asubuhi, lakini asiye makini huiona saba na kufika mchana, ndege ikiwa imeshaondoka kwa saa sita. Hatari zaidi ni ndege za baada ya usiku wa manane. Tiketi iliyoandikwa Ijumaa 00:45 maana yake ni saa saba kasorobo ya usiku unaoanza Alhamisi jioni. Msafiri anatakiwa awe uwanjani Alhamisi, takriban saa nne kasorobo usiku. Akijiandaa Ijumaa jioni, amechelewa kwa siku nzima. Wazee wa pwani, ambao kwao siku huanza jua linapozama na usiku wa Alhamisi huitwa usiku wa Ijumaa, wasingekosea hapo.

Safari nyingi za mbali kutoka Dar es Salaam hupitia mji wa tatu, kama Addis Ababa, Doha au Dubai. Kwa anayesafiri mara ya kwanza, kubadilisha ndege huonekana kama fumbo, na sehemu kubwa ya woga huo ni mizigo. Dawa yake iko kwenye kaunta ya kwanza. Begi kubwa hufungwa kipande cha karatasi chenye herufi tatu za kituo cha mwisho: Dubai ni DXB, Guangzhou ni CAN, kutokana na jina lake la zamani la Canton. Msafiri aangalie herufi hizo kabla begi halijaondoka na amuulize mhudumu kama mzigo unafika moja kwa moja. Ukiwa umeandikwa kituo cha mwisho, katikati ya safari huna kazi ya kuufuata. Kinachobaki ni kutafuta mlango wa ndege inayofuata kwenye ubao, na kuuangalia tena baada ya muda, kwa kuwa milango hubadilishwa.

Mbele ya ofisa uhamiaji, ufupi ndio usalama. Anataka kujua mambo machache: sababu ya safari, siku za kukaa, mahali pa kufikia, nani anagharamia na tiketi ya kurudi. Hati hizo ziwe zimechapishwa na ziwe mkononi, si ndani ya simu inayoweza kuzimika chaji. Nchi nyingi pia hudai pasipoti iwe na angalau miezi sita kabla ya kuisha. Anayetoa maelezo marefu kwa swali fupi hujichanganya mwenyewe. Akitakiwa kwenda chumba cha pembeni kwa mahojiano zaidi, hajakamatwa. Atasubiri, ataulizwa yale yale, na majibu yake yanapaswa kuwa yale yale. Kama haelewi lugha, aombe mkalimani kuliko kuitikia ndiyo kwa asilolielewa. Wapo walioharibikiwa kwa ndiyo moja.

Ni hapo pia inapoonekana hasara ya kuachia wakala kila kitu. Asiyejua jina la hoteli iliyoandikwa kwenye fomu yake ya viza hawezi kujibu swali la tatu, hata awe mkweli kiasi gani.

Mambo yanapokwenda mrama

Wasafiri waoga huwaza mikasa mikubwa, lakini linalotokea kwa kawaida ni begi kuchelewa. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, shirika la ndege lina wajibu kwa mzigo uliochelewa au kuharibika. Malalamiko ya uharibifu yanatakiwa kuwasilishwa kwa maandishi ndani ya siku saba, na ya kuchelewa ndani ya siku 21 tangu mzigo ulipokabidhiwa. Taarifa itolewe kabla ya kutoka uwanjani, na kipande cha karatasi kilichobandikwa kwenye tiketi kisitupwe. Nguo moja ya kubadilisha na dawa za hospitali vikae kwenye begi la mkononi.

Pasipoti ikipotea, kinachotakiwa ni taarifa ya polisi na kisha ubalozi. Nakala yake, iliyowekwa mbali na yenyewe, hurahisisha kazi. Ubalozi unaweza kumpa raia hati ya kurudi nyumbani, kumtembelea akiwa kizuizini na kuijulisha familia. Hauwezi kumlipia deni wala kumtoa gerezani. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unampa mgeni aliyekamatwa haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe, na haki hiyo lazima aiombe mwenyewe. Tanzania ina balozi Beijing, Abu Dhabi na Nairobi. Namba za simu ziandikwe kwenye karatasi kabla ya kuondoka. Na pasipoti ni mali ya serikali iliyoitoa: mwajiri au mwenyeji anayetaka kuishika hadi siku ya kurudi anatoa ishara ya hatari, hata akisema anaitunza.

Kwa anayekwenda China, kuna sharti ambalo wageni huwa hawalijui. Mgeni hutakiwa kuandikishwa polisi ndani ya saa 24 tangu afike. Akilala hotelini, hoteli humfanyia kazi hiyo. Akifikia kwa ndugu au rafiki, lazima washughulikie uandikishaji huo wenyewe. Hii ni sababu ya kutosha ya kulala hotelini siku za mwanzo, hata kama jamaa yupo Xiaobei, eneo la Guangzhou linalojulikana kwa wafanyabiashara wa Kiafrika. Hoteli pia humpa mgeni kadi yenye anwani kwa maandishi ya Kichina, na dereva wa teksi akionyeshwa kadi hiyo hahitaji maneno.

Usiku wa kwanza ndio mgumu. Guangzhou iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa tano, kwa hiyo saa tatu usiku huko mwili bado uko saa kumi jioni. Usingizi hauji, na mawazo hupata nafasi. Wengi hutaka kupiga simu nyumbani wakati huo huo, wakagundua kwamba WhatsApp haifunguki kwa intaneti ya kawaida ya huko. Ujumbe ukikosekana kwa siku mbili, hofu huhamia kwa mama na mume, na ndugu huanza kupigiana simu. Makubaliano yafanyike kabla ya safari: njia gani itatumika, siku gani, saa ngapi, na kama saa hiyo ni ya Dar es Salaam au ya huko aendako.