Kompyuta Kumi na Sita Zinazotumia Akili Moja

Na Katibu wa Chama cha Kompyuta, Kidato cha IV

Tangu muhula huu uanze watu wamekuwa wakiniuliza swali moja, hata bwaloni mbele ya sahani ya ugali: je, ni kweli kwamba kompyuta zetu za zamani zimetiwa vifaa vipya ndani? Si kweli. Haikubadilishwa hata skrubu moja. Ni zile zile 16, zenye kumbukumbu ya gigabaiti 1 kila moja, ambazo mwaka jana zilikwisha andikwa katika orodha ya vitu vya kuuzwa kwa uzito wa chuma. Kwa kuwa wazazi ndio waliotoa fedha za mashine kubwa iliyo kabatini, na kwa kuwa mimi ni mmoja wa wale waliosema fedha hizo zitumike hivyo, naona ni haki nieleze mambo yalivyo, pamoja na mahali tulipokosea.

Shauri lenyewe ni hili. Mwanafunzi akiketi mbele ya kioo, programu anayoitumia haifanyi kazi katika mashine iliyo mbele yake. Inafanya kazi katika ile mashine kubwa, yaani seva. Kinachomjia kwa waya ni picha, na kinachokwenda kwa seva ni herufi anazobonyeza na mwendo wa kipanya. Mashine ya mezani imekuwa dirisha tu la kuchungulia. Lugha ambayo seva na dirisha hilo huzungumza huitwa itifaki, na itifaki ziko nyingi. Ndipo ubishi wetu ulipoanzia.

Lakini kwanza tufanye hesabu, maana bila hesabu mtu hawezi kufahamu kwa nini jambo hili ni gumu. Vioo vyetu vina vitone 1,024 kwa upana na 768 kwa urefu, yaani vitone 786,432. Rangi ya kila kitone huandikwa kwa baiti 3. Picha moja nzima ya kioo, basi, ni karibu megabaiti 2.36. Waya wetu wa mtandao hupitisha megabiti 100 kwa sekunde, ambazo ni megabaiti 12.5. Gawanya, utaona kwamba waya huo unaweza kupitisha picha tano tu kwa sekunde. Na wanafunzi 16 wakiugawana waya mmoja, kila mmoja atapata picha moja katika sekunde tatu! Mtu akiandika neno “mwalimu” atakuwa amekwisha kulimaliza kabla hajaiona herufi ya kwanza. Kwa hiyo kila itifaki ni hila ya kupeleka kidogo na kuonyesha kingi, na tofauti zao ni tofauti za hila.

Ya kwanza tuliyoijaribu ni X, iliyoanzia katika chuo cha MIT kule Marekani mwaka 1984. Toleo lake la 11, lililotoka mwaka 1987, bado linatumika katika kompyuta nyingi za Linux. Hila yake ni kutopeleka picha, bali amri: chora mstari hapa, andika maneno haya pale. Ni hila nzuri kwa programu za zamani. Programu za siku hizi hujichorea picha zenyewe na kuitupia X kitu kizima, tena huuliza maswali mengi na kungoja majibu. Ni kama mtu anayejenga nyumba kwa kumwandikia fundi barua, naye fundi ana swali kwa kila tofali. Humu chumbani barua hufika upesi, kwa hiyo hatukuona taabu. Tulipojaribu kutoka nyumba za walimu kwa mtandao wa simu, orodha ya programu ilifunguka polepole mno hata Mwalimu akaenda kuchemsha chai.

Ya pili ni VNC, iliyozaliwa katika maabara moja ya Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1990. Hii hupeleka picha, lakini kwa vipande: dirisha huuliza, “Nini kimebadilika?” na seva hujibu kwa miraba iliyobadilika tu. Ni rahisi kuifahamu, nami naipenda kwa sababu hiyo. Maabara yale yalifungwa mwaka 2002, lakini kwa kuwa programu ilikuwa huria, yaani kila mtu ana ruhusa ya kuisoma, kuibadili na kuigawa, watu wengine waliichukua wakaiendeleza. Kasoro yake ni kwamba, katika mtindo wake wa asili, neno la siri huhesabiwa herufi 8 za mwanzo tu, na mengine yote hupita wazi katika waya. Sauti nayo haibebi.

Ya tatu ni RDP. Hii ni ya kampuni ya Microsoft, iliyoitoa mwaka 1998, na wenzangu wawili walipinga tusiiguse kwa sababu sisi tulikuwa tukitafuta vitu huria. Nafikiri walichanganya lugha na msemaji. Kampuni imetangaza maelezo ya itifaki hiyo, na watu wa kujitolea wameandika programu huria zinazoizungumza: xrdp kwa upande wa seva ya Linux, na FreeRDP kwa upande wa dirisha. Huweka akiba ya picha zilizokwisha pelekwa ili zisipelekwe tena, hubeba sauti, na husimba mazungumzo yote ili mtu wa katikati asiyasome.

Ya nne, SPICE, ndiyo iliyoniponza. Ilitungwa na kampuni ya Qumranet ya Israeli. Red Hat wakainunua kampuni hiyo mwaka 2008, na mwaka 2009 wakaifungua programu kwa watu wote. Imetengenezwa hasa kwa ajili ya kutazama mashine pepe. Mashine pepe ni kompyuta iliyoumbwa kwa programu tupu ndani ya kompyuta nyingine, yenye sehemu yake ya kumbukumbu na diski yake. Mimi nilishikilia kwamba kila mwanafunzi apewe mashine pepe yake, maana akiharibu, ataharibu yake peke yake. Nilisema kwa nguvu, wakanikubalia.

Seva yetu ina gigabaiti 32. Kila mashine pepe niliipa 4. Kidato cha Pili wakaja, wakaanza kuwasha. Saba zikawaka. Ya nane ikakataa, na zote zilizofuata. Hesabu ya mtoto wa darasa la tatu, saba mara nne ni ishirini na nane, na seva yenyewe inahitaji nafasi ya kupumua! Nikajaribu kuigawa kumbukumbu kwa mkopo, kuzipa mashine kuliko kilichopo. Seva ikaanza kutumia diski mahali pa kumbukumbu, na hata wale saba wa kwanza wakakwama. Kipindi kizima kikapotea. Mwalimu hakunikemea, na afadhali angenikemea.

Tulirudi kwenye njia ya kale zaidi: seva moja, Linux moja, na wanafunzi 16 wakiingia humo kila mmoja kwa jina lake, kwa RDP. Mfumo mmoja unawatosha wote, na kila mwanafunzi mwenye kitabu cha mahesabu na kivinjari hutumia karibu gigabaiti 1. Ni kweli kwamba mmoja akifungua kurasa 40 za kivinjari wenzake wataona uzito, ndiyo sababu tumemwekea kila mtu mpaka. Nilipochunguza baadaye nikaona kwamba Red Hat wenyewe wameiondoa SPICE katika toleo la 9 la mfumo wao, mwaka 2022. Programu huria haifi mwenyewe akiiacha, lakini ni vizuri kuuliza ni nani anayeitunza kabla ya kuijengea darasa.

Siku ya wazazi tuliaibika mara ya pili. Vijana wote 16 walifungua filamu moja ya somo la Baiolojia, na moyo wa chura ukasimama katika vioo vyote. Watu walilaumu itifaki. Swichi yetu ina matundu 24 ya megabiti 100 na mawili ya gigabiti 1, na seva ilikuwa imechomekwa katika tundu la kawaida. Nani aliichomeka? Mimi. Tulipoihamisha, filamu ikaenda, si laini kama katika televisheni, lakini moyo ulionekana ukipiga. Kazi ya kuandika na mahesabu haina shida kabisa.

Limebaki jambo ambalo sitaki kuwaficha wazazi. Zamani mashine moja ikifa, ilikufa peke yake. Sasa seva ikizimika, zote 16 ni vioo vyeusi. Mwezi uliopita umeme ulikatika saa nne asubuhi, na mwenzangu mmoja akapoteza kurasa tatu za kazi yake ya vitendo. Dawa yake ni betri ya akiba kwa ajili ya seva peke yake. Hata mashine za mezani na swichi zikizimika, kazi inabaki hai ndani ya seva, na umeme ukirudi mwanafunzi huingia kwa jina lake na kulikuta neno alilolikatisha katikati. Tumelijaribu hili mara nyingi kwa kung'oa waya wa mashine ya mezani. Ombi la betri hiyo litaletwa katika mkutano wa wazazi ujao.

Mimi namaliza mwaka huu. Vipimo vyote, pamoja na vile vya aibu, vimo katika daftari la kijani ndani ya droo ya meza ya seva, na mchoro wa matundu ya swichi uko ukurasa wa 31.