Pembe ya Mabawa ya Kinu cha Upepo



Kuna vikundi ambavyo vimechanga pesa muda mrefu, vikajenga mnara na kufunga kinu cha upepo cha kuvuta maji kisimani. Halafu upepo unavuma na kinu kimesimama tu. Akina mama wanarudi mtoni na mitungi yao, na watu wanasema, "Hapa kwetu hakuna upepo." Mara nyingi upepo upo, ila mabawa yamefungwa kwa pembe isiyofaa.

Pembe ni nini?

Ni jinsi bawa linavyolala likilinganishwa na duara la gurudumu. Ukiendesha baiskeli siku tulivu, bado unahisi upepo usoni. Bawa nalo likizunguka hupigwa na upepo wa mwendo wake lenyewe. Ncha hukimbia kuliko shina, kwa hiyo bawa zuri husokotwa kidogo: shina limesimama zaidi, ncha imelala zaidi.

Pembe ikiwa kubwa, kinu huanza kuzunguka kwa urahisi lakini mwendo wake ni wa pole. Ikiwa ndogo mno, kingeweza kukimbia sana, lakini kinashindwa kuanza, maana pampu ina uzito wa maji. Kwa kinu cha pampu chenye mabawa mengi ya bati lililokunjwa, anzeni na digrii 26 hivi kwenye ncha.

Mabawa yote lazima yalingane. Wanaotengeneza ndege ndogo za mfano, zile za kuongozwa kwa redio, huweka skrubu ndogo kwenye shina la kila bawa ili kurekebisha pembe. Bawa la kulia likipishana na la kushoto hata kwa digrii 1, ndege inaweza kuanza kulalia upande mmoja. Kinu hakianguki hivyo, lakini hutetemeka. Bolti hulegea, chuma huchoka, na siku moja bawa hung'oka.

Kifaa cha kurekebisha

Fundi wa jua kali anaweza kukitengeneza. Kila bawa linahitaji vibao 2 vya chuma. Kimoja kichomelewe kwenye kitovu cha gurudumu, kiwe na matundu 3 ya mviringo. Cha pili kichomelewe kwenye shina la bawa, kiwe na matundu 3 marefu yaliyopinda kufuata duara. Vibao vikutanishwe uso kwa uso, vifungwe kwa bolti 3, kila moja na washa na nati 2. Tundu likiwa sentimita 4 kutoka katikati, kulisogeza milimita 7 ni kama digrii 10.

Hatua za kufuata

1. Fanyeni kazi hii chini, kabla gurudumu halijapandishwa. Lilazeni juu ya matofali, upande unaotazama upepo uwe juu. Hakikisheni kwa pimamaji kwamba limelala sawa.

2. Kateni kigezo cha ubao chenye pande tatu. Pande mbili zinazokutana kwa kona ya mraba ziwe sentimita 30 na sentimita 15. Mlalo wake ni zile digrii 26, wala hamhitaji kifaa kingine cha kupimia.

3. Kwa chaki, wekeni alama kwenye kila bawa sentimita 10 kutoka nchani. Pimeni hapo tu.

4. Wekeni upande wa mlalo wa kigezo juu ya kingo mbili za bawa, ule wa sentimita 30 ukiwa juu. Pimamaji likae juu yake. Legezeni bolti, geuzeni bawa mpaka tone la hewa likae katikati, kisha kazeni.

5. Rudieni kwa kila bawa. Mtu wa pili apime yote upya kabla ya nati za pili kukazwa.

Kinu kikiwa juu

Kijaribuni siku ya upepo wa kiasi. Kisipoanza, msikimbilie mabawa. Angalieni kwanza washa za ngozi ndani ya pampu, na kama beringi zina grisi. Hizo zikiwa sawa, ongezeni pembe digrii 2 kwa mabawa yote. Kikianza upesi lakini kinazunguka polepole hata upepo ukiwa mzuri, punguzeni digrii 2. Andikeni kila badiliko katika daftari la kikundi.

Tahadhari

Upepo ukiongezeka maradufu, nguvu yake huongezeka mara 8. Kwa hiyo mtu asipande mnara kinu kikizunguka. Fungeni breki, fungeni gurudumu kwa kamba, na anayepanda avae mkanda wa usalama. Asubuhi na mapema upepo ukiwa umetulia ndio wakati wa kazi hii. Watoto wakae mbali na mnara.

Kama kinu chenu kilitoka kiwandani, kama vile vya Kijito vilivyotengenezwa Thika, msibadilishe pembe kabla ya kuwauliza waliokitengeneza.

Basi, kabla ya kuchanga tena pesa za kununua injini ya dizeli, chukueni kigezo na pimamaji mkapime mabawa mliyo nayo.