Aliyefika Kwanza Alifikaje?

Kazi yangu ni kushika kamba. Pale Hell's Gate, karibu na Naivasha, kuna jiwe la volkeno liitwalo Fischer's Tower, limesimama peke yake, urefu wake mita 25 hivi. Mimi husimama chini yake. Kamba hutoka kiunoni kwangu, ikapanda hadi kwenye pete ya chuma kule juu, ikashuka hadi kwa anayepanda. Yeye huona jiwe lililo mbele ya pua yake. Mimi humwona yeye. Najua alipoteleza, najua alipopumzika, najua mahali alipong'ang'ania kwa ncha za vidole mpaka kucha zikawa nyeupe.

Siku moja walikuja vijana wawili kutoka Nakuru. Wa kwanza alifika katikati akaniita, "Kaza!" Nikakaza, akaikalia kamba, akapumua, akaendelea. Akafanya hivyo mara mbili, kisha akagusa kilele. Wa pili alikwama palepale. Goti likamtetemeka. Hakuniita. Alishuka hatua moja, akatia mkono kwenye mfuko wa chaki, akautazama ule ufa kwa muda mrefu, akajaribu tena, akapita. Walipokutana chini, wa kwanza akasema, "Basi sote tumepanda." Mwenzake akanigeukia: "Dada, si uliona?"

Niliona. Na swali lile la nani amepanda kweli limegombanisha wapandaji wakubwa wa dunia kwa zaidi ya miaka 60, kwa sababu mchezo huu hauna refa. Hakuna filimbi wala mstari wa kumalizia. Kuna jiwe, kuna aliyepanda, na kuna aliyeshika kamba.

Ugomvi uliovuma kuliko yote ulitokea bonde la Yosemite, California, nchini Marekani. Humo mna El Capitan, ukuta wa graniti wenye kimo cha mita 900 hivi. Chukua Fischer's Tower yetu, uipange juu yake yenyewe mara 36, ndipo utakaribia kilele. Katika miaka ya 1950 walikuwapo huko wanaume wawili wasiofanana hata kidogo. Warren Harding alikuwa mpima ardhi, mtu wa mvinyo na vicheko, aliyeamini kwamba ukuta ukikataa unautoboa mpaka ukubali. Royal Robbins alikuwa kijana wa Los Angeles, mkimya, mkali kwa nafsi yake, aliyeamini kwamba namna ya kupanda ndiyo upandaji wenyewe.

Hapa niseme jambo ambalo wageni wangu wengi hawalijui. Kuna kupanda huru, ambapo mikono na miguu yako ndiyo inayokuinua, na kamba ipo ya kukuokoa tu ukianguka. Na kuna kupanda kwa vifaa, ambapo unapigilia msumari wa chuma katika ufa, au unatoboa tundu na kutia bolti, kisha unaning'iniza ngazi ndogo ya kamba na kukanyaga hapo. Kwa njia hii ya pili, mtu mwenye muda na nyundo anaweza kufika karibu popote. Ndiyo maana jina la aliyefika kwanza peke yake halinitoshi.

Mwaka 1957 Harding aliutamani uso wa kaskazini-magharibi wa Half Dome, mlima mwingine wa bonde lile. Alipofika Yosemite alikuta Robbins, Jerry Gallwas na Mike Sherrick tayari wako ukutani. Walimaliza kwa siku tano. Harding alizunguka kwa njia ya miguu, akapanda upande wa nyuma hadi kileleni, akawapokea na kuwapongeza. Mimi humheshimu kwa jambo hilo. Lakini moyo wake haukutulia, na mwezi uliofuata, Julai, alianza kitu ambacho hakuna aliyewahi kukithubutu: El Capitan yenyewe, kupitia pua yake iliyochomoza katikati. Njia hiyo leo inaitwa the Nose.

Kulikuwa na nyufa pana mno kwa misumari ya wakati ule. Rafiki yake mmoja aliokota miguu ya majiko ya chuma yaliyotupwa jalalani, na Harding akaipigilia ile miguu ndani ya nyufa, akapanda. Sehemu ile ya ukuta bado inabeba jina la miguu ya jiko. Watalii walisimamisha magari barabarani kumtazama hadi njia ikaziba, na wakuu wa hifadhi wakamzuia kupanda msimu wa wageni wengi. Akawa anapanda, anaacha kamba zinaning'inia, anashuka, anarudi baadaye. Zilipita siku zipatazo 45 za kazi katika muda wa miezi 16 hivi. Usiku wa mwisho alitoboa matundu 28 kwa mkono, moja baada ya jingine, kwenye jiwe lililoinamia nje, gizani, mpaka alfajiri ya tarehe 12 Novemba 1958 alipojivuta juu ya ukingo pamoja na wenzake Wayne Merry na George Whitmore. Wewe uliyewahi kutoboa ukuta wa nyumba kwa patasi na nyundo, fikiria kufanya hivyo huku miguu yako ikining'inia mita 900 kutoka ardhini.

Robbins hakumbishia kwa maneno. Septemba 1960 alirudi kwenye njia ileile na wenzake watatu, Joe Fitschen, Chuck Pratt na Tom Frost. Walibeba maji na chakula chao, wakaondoka chini bila kuacha kamba ya kurudia, wakafika juu kwa siku saba. Mwaka uliofuata yeye, Pratt na Frost walifungua njia nyingine juu ya El Capitan, Salathé Wall, wakatumia bolti 13 tu. Harding alikuwa ametumia 125 kwenye the Nose.

Kabla ya hayo, mwaka 1952, Robbins akiwa bado kijana mdogo alikuwa amepanda huru ufa mmoja huko Tahquitz, kusini mwa California, unaoitwa Open Book. Wapandaji wa pale ndio waliobuni vipimo ambavyo Marekani yote huvitumia. Tano ilimaanisha mahali unapohitaji kamba, na baada ya nukta waliweka sifuri hadi tisa. Open Book ikapewa 5.9. Walidhani wamefika mwisho: tisa ndiyo tarakimu ya juu, na binadamu hawezi kupita hapo. Miaka michache baadaye wakapita. Sasa wafanye nini? Waliandika 5.10, na msomaji wa hesabu atasema hiyo ni sawa na 5.1. Kwa mpandaji si sawa kabisa. Ni tano nukta kumi, ngazi moja juu ya tisa. Kisha 5.10 nayo ikajaa watu wa kila namna, ikabidi waigawe kwa herufi a, b, c na d. Ngazi hizo zimepanda hadi kufika 5.15d. Adam Ondra wa Jamhuri ya Cheki aliifikia mwaka 2017 ndani ya pango huko Flatanger, Norwei.

Mawe hayakubadilika. Viatu vilibadilika, vikapata mpira unaonata. Kamba zikawa za nailoni zinazovutika badala ya katani. Ray Jardine akabuni kifaa kinachojipanua ndani ya ufa bila kupigiliwa, kikaanza kuuzwa 1978, na nyundo ikabaki nyumbani. Jardine huyohuyo baadaye alichonga vishikio kwenye the Nose ili njia ipandike. Kwangu mimi kitendo hicho kilikuwa kosa kubwa, maana jiwe lililochongwa halirudi.

Oktoba 1970 Harding alirudi El Capitan akiwa na Dean Caldwell. Walichagua sehemu tupu ya ukuta ambayo jua la asubuhi huigonga kwanza. Walikaa ukutani siku 27. Dhoruba ikawalowesha, chakula kikapungua, waokoaji wakajitayarisha kuwashukia na wao wakakataa kuokolewa. Walipofika juu wakakuta waandishi wa habari wanawangoja. Nyuma yao waliacha matundu zaidi ya 300. Robbins alikasirika. Mapema 1971 alipanda njia ileile na Don Lauria, mkononi ana patasi, akizing'oa bolti za Harding moja moja ili kuifuta njia yote. Baada ya sehemu za mwanzo akaacha. Kadiri alivyopanda aliona kwamba kazi ya Harding kati ya bolti na bolti ilikuwa ngumu na ya ustadi kuliko alivyodhani, akamaliza njia iliyobaki bila kung'oa tena. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na bado naona siku ile aliyoteremsha patasi ndiyo siku yake kubwa kuliko zote.

The Nose ilingoja miaka 35 kupata mtu wa kuipanda huru. Wanaume wenye nguvu walijaribu wakashindwa. Mwaka 1993 Lynn Hill, mwanamke mfupi asiyefika mita 1.6, aliipanda huru yote, akishikiwa kamba na Brooke Sandahl. Mwaka uliofuata akarudi akaipanda tena kwa saa 23. Wapo waliosema vidole vyake vidogo vilimsaidia kwenye ufa mwembamba chini ya paa kubwa la ukuta ule. Hawakusema kimo chake kilimnyima vishikio vingapi. Yeye mwenyewe alikadiria sehemu ngumu kuwa 5.13b. Wengine walipokuja kujaribu wakaanguka na kuanguka, na taratibu namba ikapanda hadi 5.14a. Hivyo ndivyo vipimo hivi vinavyotengenezwa: wa kwanza anapendekeza, na wanaofuata wanasahihisha kwa ngozi ya vidole vyao.

Sisi Wakenya nasi tunao mfano wetu wa suala hili la nani alifika kwanza. Tarehe 13 Septemba 1899 Halford Mackinder na Waitalia wawili waliokuwa waongozaji wake, César Ollier na Joseph Brocherel, walifika Batian, kilele cha Mlima Kenya chenye mita 5,199. Mackinder alikuwa na haraka, kwa kuwa Hans Meyer, Mjerumani aliyepanda Kilimanjaro 1889, naye aliutamani Mlima Kenya. Msafara wa Mackinder ulikuwa na Waswahili 66 na Wakikuyu 96 waliobeba kila kitu. Wawili kati ya Waswahili hao waliuawa walipokwenda kutafuta chakula. Tulipofundishwa shuleni tulitajiwa Mackinder. Ilichukua miaka 60 mpaka Kisoi Munyao, Mkenya, akaandikwa kwamba amefika Batian, mwaka 1959. Kila ninapoambiwa "wa kwanza", mimi huuliza nani alibeba mzigo.

Ndiyo maana katika historia yote hii jambo ninalolipenda zaidi lilitokea Januari 2015, kwenye ule ukuta wa jua la asubuhi waliouzozania Harding na Robbins. Tommy Caldwell, ambaye msumeno ulimkata kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, alikuwa akiutafiti kwa miaka mingi ili aupande huru. Alianza mwisho wa Desemba na Kevin Jorgeson. Sehemu ya 15 ya njia yao ni ya kwenda ubavuni, kwa vishikio vyembamba kama ukingo wa sarafu, daraja lake 5.14d. Caldwell akapita. Jorgeson akaanguka. Akajaribu tena, akaanguka tena, ngozi ya vidole ikachanika, akaifunga kwa plasta, akapumzika siku nzima ili ipone, akaanguka tena. Yakapita karibu majuma mawili tangu waanze. Dunia nzima ilikuwa ikitazama, na Caldwell angeweza kwenda juu peke yake na jina la kwanza lingekuwa lake. Hakwenda. Alikataa kumaliza bila mwenzake, akarudi kumshikia kamba. Tarehe 9 Januari Jorgeson akapita. Tarehe 14 walisimama kileleni wote wawili, baada ya siku 19 ukutani.

Wale vijana wa Nakuru niliwaambia ukweli mbele yao wote wawili: mmoja amepanda huru, mwingine amepumzika kwenye kamba mara mbili, na hakuna aibu yoyote katika hilo mradi liandikwe hivyo. Wa kwanza akanyamaza kidogo, akafunga viatu, akaomba kamba. Jaribio la tatu alipita bila kukaa, na safari hii aliyemshikia kamba alikuwa mwenzake.

Basi ndugu msomaji, ukija Hell's Gate ukapanda, andika kwenye daftari lako tarehe, njia uliyopita, mara ngapi umepumzika, na jina la aliyekushikia kamba.