Jinsi Wachezaji wa Vyuo Wanavyopimwa kwa Ajili ya Drafti ya NFL

Mwishoni mwa Aprili kila mwaka, timu 32 za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, huchagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuo vikuu. Shughuli hiyo huitwa drafti. Ina raundi saba na huchukua siku tatu. Timu iliyoshika mkia msimu uliopita ndiyo inayoanza kuchagua, na bingwa husubiri hadi mwisho wa kila raundi. Kijana hachagui pa kwenda: akiitwa na Cleveland, mkataba wake ni wa Cleveland, hata kama tangu utotoni alikuwa shabiki wa Dallas. Wanaoitwa ni kama 257 tu. Kwa hesabu za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, katika kila wachezaji mia wa futiboli ya vyuo hawafiki wawili wanaoingia kwenye ligi ya kulipwa.

Kuwatambua hao wachache ni kazi ngumu, na ugumu wenyewe unatokana na mfumo. Klabu kubwa za soka huchukua watoto wa miaka kumi, zikawalea kwenye akademi na kuwaona wakikua. NFL haina akademi. Malezi yote hufanywa na shule za sekondari na vyuo, na ligi hairuhusu mchezaji kuingia kabla ya kupita miaka mitatu tangu amalize sekondari. Kwa hiyo timu humchukua mtu ambaye haijawahi kumfundisha hata siku moja. Isitoshe, viwango vya vyuo havilingani. Mchezaji wa chuo kikubwa kama Alabama hukutana karibu kila wiki na wapinzani ambao baadaye watacheza NFL. Wa chuo kidogo anaweza kumaliza msimu mzima bila kukutana na hata mmoja. Ndiyo maana kila takwimu inayoletwa mezani huja na swali lake: aliyapata hayo mbele ya nani, na katika hali gani?

Mwanzoni swali hilo halikuulizwa sana. Drafti ilipendekezwa mwaka 1935 na Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, ambaye timu yake ilikuwa ikishindwa mfululizo huku timu tajiri zikinyakua vijana wote wazuri. Ya kwanza ilifanyika Februari 1936 katika hoteli ya Ritz-Carlton mjini Philadelphia. Hapakuwa na maskauti, yaani watu wa kwenda kuwatafuta na kuwapima wachezaji. Majina yalitokana kwa sehemu kubwa na habari za magazeti na maneno ya marafiki. Aliyeitwa wa kwanza kabisa, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, hakucheza NFL hata mechi moja, kwa kuwa aliona kazi ya kawaida ina maslahi bora zaidi.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, timu zilianza kuajiri watu wa kuzunguka vyuoni, na hapo ndipo ilipoonekana kwamba faida kubwa iko kule ambako wengine hawaendi. Mfano ulio wazi zaidi ni Bill Nunn. Alikuwa mwandishi wa michezo wa Pittsburgh Courier, gazeti la Wamarekani weusi, na kwa miaka mingi aliandika habari za vyuo vya watu weusi wakati timu nyingi za NFL zilikuwa zikivipita bila kugeuka. Makocha wa huko walimjua na kumwamini. Pittsburgh Steelers walimwajiri kama skauti mwishoni mwa miaka ya 1960, na matunda yake yalionekana katika drafti ya 1974. Mwaka huo Steelers waliwachagua wachezaji wanne ambao wote waliingia katika Jumba la Magwiji, linaloenzi wachezaji bora wa historia ya futiboli ya kulipwa: Lynn Swann, Jack Lambert, John Stallworth na Mike Webster. Donnie Shell, ambaye hakuchaguliwa na timu yoyote, walimsajili baada ya drafti, na yeye pia yumo katika Jumba hilo.

Kuhusu Stallworth, aliyekuwa Alabama A&M, kuna kisa ambacho maskauti hukisimulia hadi leo. Maskauti kadhaa walikwenda chuoni kumpima mbio, wakakuta uwanja umelowa, muda wake ukawa mbaya, wakaondoka. Nunn alisingizia kuumwa, akabaki nyuma, kisha akampima tena uwanja ulipokauka. Muda wa mara ya pili ulikuwa wa mchezaji mwingine kabisa. Kazi nzima ya skauti imo ndani ya kisa hicho. Saa haikuwadanganya wale wa kwanza. Walisoma namba wakaacha kusoma uwanja.

Siku hizi kazi huanza karibu mwaka mzima kabla. Skauti wa kanda hupewa majimbo kadhaa, akaendesha gari kutoka chuo hadi chuo tangu Agosti. Anatazama mazoezi, anaongea na kocha, daktari wa timu, mtunza vifaa, hata mtu wa kitengo cha masomo. Mtunza vifaa ana habari ambazo kocha mkuu hana: nani hufika mapema, nani huwatendea wadogo kwa dharau. Kocha naye husikilizwa kwa tahadhari, maana anataka vijana wake wachaguliwe.

Hata hivyo ushahidi mzito kuliko wote ni video za mechi, zile zinazopigwa kutoka juu zikiwaonyesha wachezaji wote 22 kwa pamoja. Skauti mzuri haufuati mpira. Humchukua mtu mmoja akamtazama, akarudisha nyuma, akamtazama tena. Kwa mlinzi wa mstari wa mbele, yule mwenye mwili mkubwa anayemkinga mrushaji, hutazama miguu na mikono: anakunja magoti au anainamia kiunoni, na mguu wake wa kwanza unafika kabla ya wa mpinzani? Kwa beki wa pembeni hutazama nyonga, kwa sababu beki asiyeweza kugeuka upesi huachwa nyuma hata awe na mbio kiasi gani. Mpokeaji hupimwa kwa jinsi anavyomkwepa anayemkaba kabla mpira haujafika. Na kwa kila mmoja hutazamwa mechi alizokutana na wapinzani wa kiwango chake, pamoja na dakika ambazo timu yake ilikuwa imeshashindwa, maana hapo ndipo bidii ya kweli hujionyesha.

Namba ya uwanjani iliyo ngumu kuliko zote kupima ni ya kwotabeki, anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. Makocha wengi wa vyuo hupanga mchezo ili uamuzi uwe mwepesi: mtazame mtu wa kwanza, mrushie upesi. Takwimu zinanona, lakini hazisemi kama kijana anaweza kumtazama wa kwanza, akamkuta amebanwa, akahamia wa pili na wa tatu huku watu wenye kilo 130 wakimjia mbio. Ikiwa alilindwa vizuri chuoni kwa miaka mitatu, huenda hali hiyo haimo kabisa katika video zake. Kwotabeki JaMarcus Russell wa chuo cha LSU alikuwa na mkono wenye nguvu za kushangaza, akawa chaguo la kwanza mwaka 2007. Miaka mitatu baadaye Oakland Raiders walimwacha, na hakucheza tena NFL.

Mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari huchezwa mechi za maonyesho, hasa Senior Bowl ya mjini Mobile, Alabama. Thamani yake iko zaidi kwenye mazoezi ya wiki hiyo kuliko kwenye mechi yenyewe: mchezaji wa chuo kidogo husimamishwa mbele ya wa chuo kikubwa, mmoja kwa mmoja, na swali la “mbele ya nani” hupata jibu angalau kwa siku chache.

Baadaye kidogo, kwa kawaida mwishoni mwa Februari, hufuata kambi ya vipimo ya Indianapolis, inayohudhuriwa na wachezaji wapatao 320. Watu huifahamu kwa mbio za yadi 40, yaani mita 36.6. Rekodi ni ya Xavier Worthy, aliyetumia sekunde 4.21 mwaka 2024. Kuna pia kuruka juu, kuruka mbele, kunyanyua chuma cha kilo 102 mara nyingi kadiri inavyowezekana, na mbio fupi za kugeuka. Kila kipimo kina maana kwa namba fulani na hakina kwa nyingine. Mlinzi wa mstari wa mbele mwenye kilo 140 hukimbia yadi 40 moja kwa moja mara chache mno katika mechi. Kwake yadi kumi za kwanza ndizo za kuangaliwa.

Mwaka 1995 Mike Mamula wa Boston College alifika huko akiwa amefanya jambo ambalo wakati huo lilikuwa geni: alikuwa amejifunza vipimo vyenyewe, kimoja baada ya kingine. Matokeo yake yaliwashangaza watu, na Philadelphia Eagles walibadilishana nafasi na Tampa Bay Buccaneers ili wamchukue akiwa wa saba. Hakuwa mchezaji mbovu, lakini Tampa Bay, waliporudi hadi nafasi ya 12, walimpata Warren Sapp, ambaye leo yumo katika Jumba la Magwiji. Tangu hapo karibu kila kijana hulipiwa mwalimu wa vipimo kwa wiki kadhaa, na hivyo vipimo vimepungukiwa na uwezo wa kuwatenganisha wachezaji. Matumizi yake bora ni kumrudisha skauti kwenye video. Saa ikionyesha kasi ambayo hakuiona mechini, inabidi aulize ilikuwa imejificha wapi.

Yale yasiyoonyeshwa kwenye televisheni yana uzito zaidi. Madaktari wa timu zote huchunguza magoti, mabega na migongo, na neno lao linaweza kumshusha mtu raundi nzima. Mwaka 2016 Myles Jack na Jaylon Smith walitajwa miongoni mwa bora wa mwaka wao. Kwa sababu ya majeraha ya goti waliangukia raundi ya pili, nafasi ya 36 na ya 34. Kisha kuna mahojiano mafupi. Kocha humwonyesha kijana kosa lake mwenyewe kwenye video na kumtaka aeleze lilitokeaje. Humfundisha mpango mpya wa mchezo, wakaongea mengine, halafu ghafla akamwambia auchore ubaoni. Kwa miongo kadhaa kulikuwa pia na mtihani wa Wonderlic, maswali 50 kwa dakika 12, uliotumika kuwapima hasa makwotabeki. Uliondolewa kambini mwaka 2022, na ni vema, kwa kuwa wepesi wa kujibu mafumbo ya karatasi haukuwahi kuonyesha vizuri wepesi wa kusoma ulinzi uwanjani.

Taarifa zote hugeuzwa kuwa alama, na majina hupangwa ubaoni kwa namba na kwa ubora. Hapo mabishano huwa makali, maana skauti aliyemfuata kijana mwaka mzima humtetea kama ndugu yake. Hesabu nyingine ni ya bei ya nafasi zenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Dallas Cowboys walitengeneza jedwali lililoipa kila nafasi pointi, chaguo la kwanza likiwa na 3,000, na kwa miaka mingi timu nyingi zilibadilishana nafasi kwa kulifuata. Wachumi Cade Massey na Richard Thaler walilichambua soko hilo na kukuta kwamba timu hulipia mno nafasi za juu. Walikuta pia kwamba mchezaji aliyechaguliwa huwa bora kuliko anayemfuata wa namba yake kwa uwezekano unaozidi nusu kidogo tu. Timu zinajua kuwatofautisha wazuri na wabaya kwa ujumla. Zinapojiamini kumtofautisha wa tatu na wa nne, zinajidanganya. Kwa hiyo anayekubali kushuka nafasi chache ili apate machaguo mengi zaidi mara nyingi amefanya la busara.

Kwotabeki Tom Brady hutajwa katika kila mazungumzo ya namna hii, na kwa haki. Mwaka 2000 alikuwa wa 199, nyuma ya makwotabeki sita. Alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28 na mwili wake ulionekana mwembamba. Lakini video zilikuwepo: katika mechi yake ya mwisho akiwa chuo cha Michigan, dhidi ya Alabama, alirusha yadi 369 na timu yake ikatoka nyuma kushinda 35 kwa 34. Na hata New England Patriots, waliompata na kushinda naye mataji sita kati ya saba aliyoyatwaa, walimruka raundi baada ya raundi.

Kuna pia wale wasio na video kabisa. Daniel Adongo, mchezaji wa raga kutoka Kenya, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kupitia drafti na bila kuwahi kucheza futiboli ya Kimarekani, akawa Mkenya wa kwanza kucheza mechi ya NFL. Jordan Mailata, wa raga ya Australia, alichaguliwa na Eagles mwaka 2018 akiwa wa 233. Ana urefu wa mita 2.03, na alichukua takriban miaka miwili kujifunza kabla ya kuwa mlinzi wa kutegemewa wa timu iliyotwaa ubingwa Februari 2025. Kwa watu kama hao, kinachopimwa ni mwili na uwezo wa kujifunza, na timu inahitaji kocha mwenye subira kuliko inavyohitaji skauti.

Jina la mwisho likishasomwa, simu huanza kulia. Ambao hawakuitwa sasa wako huru kuchagua, na mawakala wao hutafuta timu iliyopungukiwa katika namba yao. Kwotabeki Kurt Warner hakuitwa mwaka 1994, aliachwa na Green Bay Packers baada ya majaribio, na kwa muda alipanga bidhaa dukani huko Iowa. Msimu wa 1999 alikuwa mchezaji bora wa ligi na bingwa akiwa na St. Louis Rams.