Kabla ya kumwita mdeni tapeli

Kila siku tunasali Baba Yetu na kuomba msamaha wa makosa. Mtakatifu Mathayo, katika sura ya 6 ya Injili yake, aliandika madeni. Mwaka 1989 maprofesa watatu wa Marekani waliyachukua maneno hayo ya sala kuwa jina la kitabu chao kuhusu watu waliofilisika. Mmoja wao ni Elizabeth Warren, ambaye leo wengi wanamfahamu kama seneta.

Kabla ya siasa, Warren alifundisha sheria kwa zaidi ya miaka 30, hatimaye katika Chuo Kikuu cha Harvard, na ubingwa wake ulikuwa ufilisi. Sheria hiyo humruhusu aliyeelemewa aende mahakamani, aeleze mali na madeni yake, kisha afutiwe asiyoweza kulipa ili aanze upya. Mwenyewe amesimulia kwamba mwanzoni aliwashuku watu hao. Aliwaona walaghai, akakusudia kuuthibitisha ulaghai wao.

Yeye na wenzake, Teresa Sullivan na Jay Westbrook, walipekua mafaili ya mahakama zaidi ya 1,500 katika majimbo ya Texas, Pennsylvania na Illinois. Walikuta familia za kawaida, ambazo kipato chao kilishuka huku madeni yakibaki palepale. Tafiti zao za baadaye zilitaja mara kwa mara mambo matatu: kupoteza kazi, ugonjwa na kuvunjika kwa ndoa. Ushahidi ulimgeuza Warren, akawa mtetezi wao, ingawa mwaka 2005 Bunge la Marekani liliikaza sheria hiyo.

Kanisa halibariki kukopa na kukataa kulipa kwa makusudi. Deni ni ahadi, na amri ya saba inatubana. Lakini Kumbukumbu la Torati, sura ya 15, inaagiza madeni yaachiliwe kila mwaka wa saba. Mungu hakutaka deni liwe kaburi la ndugu yetu.

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo wapo walioacha kuja kwa aibu ya deni. Tunawaita matapeli kabla hatujabisha hodi kwao. Wiki hii nenda ukamsikilize mmoja. Huenda utakuta risiti za hospitali. Na kama wewe ndiye unayemdai, nawe unaona kweli hana, mwongezee muda, mpunguzie, au msamehe. Kisha kasali Baba Yetu.